Kamera ya kopo la maziwa na dawa ya kahawa: nakosea wapi?

Kopo la Gungu (Kigoma)

Wakuu, salaam. Nimetengeneza kamera ya tundu (isiyo na lenzi, mwanga unaingia kwa tundu dogo) kwa kopo la maziwa ya unga la gramu 400, kipenyo chake sm 10. Ndani nimepaka rangi nyeusi isiyong'aa. Tundu nimelitoboa kwa msumari mdogo kwenye bati la kopo lenyewe, na kifuniko ni kile kile cha plastiki kilichokuja nalo. Naweka karatasi ya picha ya nyeusi na nyeupe, inchi 5 kwa 7, ikizunguka ukuta wa ndani kuelekeana na tundu.

Dawa ya kusafishia, yaani ya kuitoa picha kwenye karatasi, ni ya kahawa, kwa lita moja: magadi gramu 54, vitamini C gramu 16, kahawa gramu 40. Magadi ni ya mawe ya sokoni, nimeyatwanga. Kahawa ni ya Kalinzi, nimeichemsha nikaichuja. Maji ni ya ziwani. Fiksa (dawa ya kuituliza picha isiharibiwe tena na mwanga) sina, nimetumia chumvi ya Uvinza vijiko vitano kwa lita, nusu saa.

Nimepiga stesheni ya reli, jua la saa 6 mchana. Dakika 2: karatasi nyeusi tii. Sekunde 5: ukungu wa kijivu, jengo linaonekana kwa kubahatisha, na upande wa juu kuna mkanda mweusi uliotanuka kama upepeo. Dawa inafura mapovu nikitia vitamini C, halafu chenga nyeupe zinatuama chini. Hiyo karatasi ya pili imekaa dirishani siku mbili, imegeuka zambarau. Nianze kurekebisha wapi?

Tundu Dogo (Tabora)

Mkuu, una makosa mawili yanayofichana. Tundu ni kubwa mno, kwa hiyo mwanga unaingia kwa fujo. Dawa ni dhaifu, kwa hiyo haileti weusi inavyopaswa. Ukipunguza sekunde unapata ukungu, ukiongeza unapata lami, na hujui umlaumu nani.

Pima dawa kwanza bila kamera. Kata kipande cha karatasi cha vidole viwili, kianike kwenye taa ya kawaida sekunde chache, kitumbukize kwenye dawa huku unahesabu. Dawa nzima inakifanya cheusi cha mkaa ndani ya dakika 2 hadi 3. Kikiishia kijivu, usiiguse kamera, tatizo liko kwenye beseni. Kipande cha pili kitoe kwenye boksi gizani, kipitishe kwenye dawa na fiksa bila kuona mwanga wowote mweupe. Hicho kinatakiwa kitoke cheupe pe. Kikiwa na ukungu, basi taa nyekundu unayofanyia kazi gizani si salama au karatasi imezeeka.

Sasa tundu. Msumari mdogo kabisa unakupa kama mm 1. Kwa umbali wa mm 100 kutoka tundu hadi karatasi unatakiwa uwe na mm 0.45. Hesabu yake ni fupi: chukua kipeuo cha pili cha umbali kwa milimita, zidisha kwa 0.045. Kipeuo cha 100 ni 10, jibu 0.45. Kopo la mm 80 linakupa 0.40. Inatokana na kazi ya Lord Rayleigh wa Uingereza, ikiwa imepigwa kwa mwanga wa kijani. Karatasi ya picha inaona zaidi bluu, kwa hiyo hata ukishuka hadi 0.40 kwenye kopo lako hujaharibu kitu. Tundu likizidi, kila nukta ya jengo inachorwa kama sahani na picha inafifia kingo. Likipungua sana, mwanga unajipinda ukingoni mwa tundu na picha inafifia vile vile, na juu yake unasubiri muda mrefu zaidi.

Usitoboe bati la kopo, ni nene. Kwenye bati nene tundu linakuwa bomba, na mwanga wa pembeni haupiti. Toboa kopo dirisha la sm 1, kisha nyuma yake bandika kipande cha kopo la soda, aluminiamu ya unene wa kama mm 0.1. Kitengeneze hivi: weka kipande cha sm 2 kwa 2 juu ya kadibodi ngumu, kandamiza kwa ncha ya sindano ya kushonea bila kutoboa, mpaka upande wa pili utoke kichuguu. Sugua kichuguu kwa msasa laini wa 600 au zaidi. Rudia: kandamiza, sugua. Mahali fulani bati litakuwa jembamba kama ganda la kitunguu na tundu litafunguka lenyewe, duara, bila meno. Kisha pitisha sindano taratibu ukiizungusha, sugua pande zote mbili, puliza vumbi.

Kipimo usikisie. Sindano ya hospitali ya 26G, ile yenye kitako cha kahawia, unene wake umeandikwa kwenye pakiti: 0.45. Ikiingia kwa kubana, umefika. Ya bluu ni 0.6, hiyo isipite. Itumie mpya, na kama kipimo tu, usitobolee, maana ncha yake imekatwa mshazari na inachana bati. Njia nyingine ni kwenda stesheni yoyote (ya vifaa vya ofisi, si ya treni) wakuskanie bati kwa dpi 1200. Tundu la 0.45 linatoka pikseli 21 kwa upana. Ukikuta 21 kwa 28 ujue ni yai, tengeneza lingine.

Muda: gawa 100 kwa 0.45, unapata f/222. Jua kali kwa f/16 linataka sekunde 1 gawa kwa ISO (wepesi wa karatasi kushika mwanga), na karatasi nyingi zinacheza kati ya ISO 3 na 6, tuseme 6. Kutoka 16 hadi 222 mwanga unapungua mara 192. Basi 192 gawa kwa 6, sekunde 32. Anza na 30 jua likiwa wazi, dakika 1 kukiwa na utando, 2 mawingu meupe, 4 au zaidi mawingu mazito ya masika. Tundu lako la mm 1 lilitaka kama sekunde 6 na nusu, wewe ukalipa 120. Sekunde zako 5 hazikuwa mbali. Kilichokuangusha hapo ni dawa.

Mkanda kama upepeo ni kifuniko. Plastiki ya kopo la maziwa inapitisha mwanga hata ukiipaka rangi upande mmoja. Ifunike ndani na nje kwa karatasi ya alumini ya jikoni na tepu nyeusi ya mafundi umeme, na mdomo wa kopo uzungushie tepu kila baada ya kupakia. Tepu hiyo hiyo ndiyo shata, mlango wa kufungua na kufunga mwanga: kunja ncha yake ili upate pa kushika.

Magadi na Mawese (Ujiji)

Tundu Dogo kamaliza kamera, mimi nishike beseni.

Ndugu yangu, mapovu yamekuambia kila kitu. Magadi ya mawe si kabonati tupu. Ni kabonati na baikabonati zimeshikana pamoja na maji, na juu yake kuna chumvi na udongo. Baikabonati ikikutana na vitamini C, ambayo ni asidi, ndiyo inafura. Wewe umepima gramu 54 kwa jina la kabonati, lakini umetia kama nusu na ushee ya nguvu inayotakiwa. Dawa hii haiamki bila ualikali wa kutosha.

Tiba yake ni moto. Twanga magadi, yatandaze kwenye kikaango cha chuma (si sufuria ya aluminiamu, kabonati ikipata unyevu inaila), weka kwenye jiko la mkaa, koroga. Pima uzito kila baada ya dakika 15 na usimame uzito ukiacha kushuka. Magadi masafi ya gramu 100 yanashuka hadi kama 70. Yakishuka kidogo tu, ujue uchafu ni mwingi. Yayeyushe, acha yatuame usiku kucha, mimina ya juu, kausha tena. Baikabonati ya kuokea nayo inafaa: gramu 86 zikikaangwa vizuri zinabaki 54.

Ila Kigoma mna njia rahisi kuliko zote hizo. Wanaouza malighafi za sabuni wana soda ashi. Hiyo ndiyo kabonati yenyewe, unapima gramu 54 na kuendelea na safari. Angalia tu usipewe kostiki soda wanayopikia sabuni ya mawese. Kostiki inaunguza ngozi na macho, na kwa vipimo hivi inaweza kuliyeyusha gamba la picha lote, lile tabaka lenye fedha juu ya karatasi.

Chenga nyeupe ni maji. Maji ya Tanganyika yana magnesiamu nyingi, na ukiyatia kabonati inaganda na kuzama. Dawa haiharibiki sana, lakini chenga zinakaa juu ya karatasi na kuacha madoa. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa. Mtaro wa bati ukiwa na kutu, acha mvua ya kwanza ioshe paa kwanza. Ya ziwani yaache kwa kuoshea, na suuza ya mwisho iwe ya mvua tena.

Kahawa ya Kalinzi inywe. Ni arabika, na hata ukiichemsha lita nzima huwezi kujua umetia kiasi gani. Kinachofanya kazi si kafeini bali asidi za kahawa, kama klorojeniki, na robusta inazo nyingi zaidi. Unatakiwa uwe na kahawa ya papo hapo, kavu, isiyo na maziwa wala sukari. Africafé ya Bukoba inatosha kabisa, na ile ya bei ya chini mara nyingi ni bora kuliko ya kifahari kwa shughuli hii.

Utaratibu: yeyusha soda kwanza mpaka maji yawe angavu, halafu vitamini C, mwisho kahawa. Acha itulie dakika 5 hadi 10 mapovu yaishe, maana povu moja likishika kwenye karatasi linaacha duara jeupe. Itumie siku hiyo hiyo, ndani ya saa moja mbili. Usitumie vidonge vya vitamini C vinavyochemka kwenye glasi, vimejaa asidi nyingine. Tafuta unga mtupu. Kwa karatasi mbili tatu huna haja ya lita: maji ml 250, soda 13.5, vitamini 4, kahawa 10.

Kuhusu chumvi, usiitupe lakini usiite fiksa. Maji ya chumvi yaliyoshiba, gramu 300 kwa lita, kwa saa 24 nzima, yanaweza kuituliza karatasi kiasi cha kuiskani. Vijiko vitano kwa nusu saa ni kuinawisha tu. Fedha ambayo haikupata mwanga bado imo ndani ya karatasi, ukaianika dirishani, jua likaisafisha lenyewe, ndiyo zambarau yako.

Fiksa ya kweli ni haipo, sodiamu thayosalfeti, aliyoionyesha John Herschel na ambayo imekuwa ikitumika kwa picha tangu 1839. Maduka ya vifaa vya maabara za shule wanayo, kwa sababu wanafunzi wanaitumia kupima iodini. Gramu 250 za chembe kwa lita. Anza na maji ya moto wa kuvumilika mkononi, kwa sababu ikiyeyuka inayapoza sana na nusu ya chembe zitakugomea. Karatasi yenye utando wa plastiki dakika 5, ya karatasi tupu dakika 10. Usipitishe picha kwenye siki kisha moja kwa moja kwenye haipo tupu. Asidi inaivunja, salfa inatoka, unaona maji kama maziwa. Suuza kwa maji tu mara tatu nne baada ya kahawa, inatosha.

Fiksa iliyotumika ina fedha. Isiende ziwani. Tia stiliwaya ya kusugulia sufuria, ile inayoshika kutu, iache siku kadhaa kwenye ndoo. Chuma kinayeyuka, fedha inabaki kama tope jeusi.

Mtungi wa Isevya (Tabora)

Naongeza joto, maana mapishi hayo yameandikwa kwa nyuzi 20 na huku hakuna bomba linalotoa nyuzi 20. Kwa filamu dakika zake ni 15 kwa nyuzi 20, kama 10 kwa 24, na 8 na nusu kwa 26. Kwa karatasi huhesabu hivyo, unatazama tu chini ya taa nyekundu mpaka weusi ujae, kawaida dakika 3 hadi 5. Ukitoa mapema kwa sababu "imeshaonekana" utapata matope ya kahawia badala ya nyeusi. Hilo ndilo kosa la kila mtu, na dawa yake ni kuondoa muda kwenye jua, si kwenye beseni.

Maji ya mtungi yanasaidia sana. Huku Tabora kiangazi, Juni hadi Oktoba, hewa ni kavu na mtungi unapoza vizuri. Kigoma pembeni mwa ziwa hewa ina unyevu na tofauti ni ndogo, kwa hiyo msihangaike kufika 20. Kaeni na 24 na mpunguze dakika. La muhimu ni mabeseni yote yalingane, dawa, suuza, fiksa na maji ya kuoshea. Filamu ikitoka kwenye dawa ya 27 ikaangukia maji ya mtungi ya 20, gamba linaweza kupasuka vijimistari kama tope la bwawa lililokauka, na hakuna namna ya kurudisha.

Taa: taa nyekundu ya nyuma ya baiskeli, ile ya LED, ielekeze ukutani, mita moja na nusu kutoka mabeseni. Umeme ukikatika haijali, tena mtaa mzima unakuwa giza, ndiyo nafuu yako. Iwe ya kuwaka mfululizo, si ya kumemeteka. Ijaribu: weka sarafu juu ya karatasi chini ya taa hiyo dakika 5, isafishe. Ukiona duara la sarafu, isogeze mbali au ifunike kwa selofani nyekundu.

Hii ni kwa karatasi. Filamu ya kawaida ya rola inaona rangi zote, nyekundu nayo inaiunguza. Hapo ni giza la kaburi.

Tundu Dogo (Tabora)

Kwa aliyekosa karatasi, kuna filamu za eksirei. Wauzaji wa vifaa vya hospitali wanazo kwa boksi, na kwa kuwa hospitali nyingi zinahamia dijitali, maboksi yaliyopita tarehe yanapatikana. Saizi ya sm 18 kwa 24 ukiikata nne inakupa sm 9 kwa 12. Inayoona bluu tu unaifanyia kazi chini ya taa nyekundu bila wasiwasi. Inayoona kijani inataka nyekundu iliyokolea na hafifu, fanya jaribio la sarafu.

Ina kasi kuliko karatasi. Anza na ISO 80. Kwa kopo lako jua kali ni sekunde 2 na nusu, na mkono unaovuta tepu unatikisa kopo ndani ya muda huo. Kwa hiyo weka jiwe juu ya kopo, shika kadibodi nyeusi mbele ya tundu, vuta tepu, subiri kopo litulie, ondoa kadibodi, hesabu, rudisha.

Ubaya wake ni kwamba ina gamba pande zote mbili. Likilowa ni laini kama ndizi iliyoiva, linakwaruzika na mifereji ya chini ya beseni. Tandika kioo ndani ya beseni, safisha kipande kimoja kimoja, kishike kingo tu. Kwenye fiksa itazame: inaanza na maziwa, halafu inakuwa angavu. Pima muda huo, zidisha mara mbili, ndio muda wa fiksa.

Kopo la Gungu (Kigoma)

Shukrani wakuu. Nimebadili magadi kuwa soda ashi, Africafé, maji ya mvua. Kipande cha jaribio kimekuwa cheusi kwa dakika 2. Tundu sasa ni 0.45, haipo nimepata. Stesheni kwa sekunde 30 imetoka, kingo kali kuliko nilivyotegemea. Yamebaki mawili: kivuli chini ya matao kwenye negativu (karatasi iliyotoka, nyeusi na nyeupe vikiwa kinyume) ni cheupe kitupu, hakuna kitu humo, na maandishi kwenye jengo yamegeuka kinyume. Halafu watu waliokuwa wanapita hawaonekani kabisa, hilo nadhani ni muda.

Magadi na Mawese (Ujiji)

Watu ndiyo, anayetembea hakai mahali pamoja muda wa kutosha kuacha alama. Ukimtaka mtu, akae kwenye kiti na kichwa kiegemee ukuta.

Maandishi ni sawa, ndivyo inavyotakiwa. Karatasi unaitazama kutoka upande wa tundu, kwa hiyo kushoto na kulia vimebadilishana. Ukiskani, geuza rangi halafu pindua kama kioo. Ukichapisha kwa kugusanisha inajirekebisha yenyewe: karatasi mpya uso juu, negativu juu yake uso chini, kioo kizito juu, taa ndogo mita moja na nusu. Jaribu kipande kwa sekunde 2, 4, 8 na 16 ukifunika hatua kwa hatua. Kama nyuma ya karatasi kiwanda kimechapa jina, litatokea kwenye picha, kwa hiyo nunua isiyoandikwa ukiweza.

Tundu Dogo (Tabora)

Kivuli kitupu: karatasi ina ukinzani mkali (tofauti kali ya nyeusi na nyeupe) na jua letu la mchana lina ukinzani mkali, hawawezi kuelewana. Piga saa 3 asubuhi, au siku ya mawingu meupe kwa dakika 2. Usikimbilie jioni ya dhahabu. Karatasi haioni nyekundu, na saa 1 kasoro jua likishuka ng'ambo ya Kongo mita ya simu ya kupimia mwanga inaweza kukuambia dakika 3 wakati karatasi inataka 10.

Ukilazimika kupiga mchana, ionjeshe karatasi mwanga kabla ya kuipakia. Tochi ya simu ifunike kwa karatasi nyeupe tabaka nne, ielekeze darini, kata kipande na ukifunue kwa hatua za sekunde moja moja hadi 10. Kisafishe. Tafuta hatua ya kwanza inayoonyesha kijivu, rudi hatua moja nyuma, huo ndio muda wako. Kila karatasi ipe muda huo sawasawa, kisha ipakie. Vivuli vitaanza kushika bila anga kuharibika. Punguza sekunde 30 ziwe 25.

Na kabla hujalitegesha tena kopo lililozungushiwa tepu nyeusi pale stesheni, muone msimamizi, lifungue ulionyeshe ndani likiwa tupu, ndipo upakie karatasi, kopo na mikono vikiwa ndani ya mfuko mweusi.